Unywele Ndani ya Tundu la Ndururu

Tangu nirudi Webuye kila mtu ananiuliza swali moja: uliipata? Dada zangu wa kwaya wananiuliza, hakimu ananiuliza akipita mezani kwangu, na mume wangu, ambaye miaka yote ameviita vitu vyangu "mawe ya Mama Nekesa", naye ananiuliza, tena bila kucheka. Nikijibu kwa neno moja nitakuwa nimewadanganya. Kwa hiyo nimeketi kuandika. Atakayechoka njiani na apumzike, maana mimi mwenyewe nilipumzika mara nyingi.

Kwa wasionijua, mimi ni mpiga chapa wa mahakama. Dirisha langu linatazama barabara, feni iko juu ya kichwa changu, na karatasi za kesi za watu hazina adabu, zikipata upepo zinaruka. Ndivyo nilivyoanza kupenda pepaweti, vile vidude vizito vya kukandamizia karatasi. Lakini sikusanyi pepaweti yoyote tu. Zangu ni zile za zamani ambazo makampuni yaliwagawia wateja mwisho wa mwaka, za plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na ndani yake kuna sarafu. Sarafu yenyewe haigusi juu wala chini. Imekaa katikati kana kwamba mtu aliirusha hewani nayo ikasahau kuanguka. Nimezitazama kwa miaka mingi na bado nikiinua moja kwenye mwanga wa dirisha moyo unaruka.

Zile nzuri kuliko zote zina ndururu, senti tano ya zamani yenye tundu katikati. Na ukibandua kitambaa cha kijani kilichobandikwa chini yake, unakuta samaki mdogo amechorwa kwa ncha ya sindano. Nilitaka kumjua aliyemchora samaki huyo. Nikachukua likizo, nikafunga pepaweti moja kwenye kitambaa pamoja na lenzi yangu, nikaenda Nairobi. Hiyo ndiyo sababu yote, na aliyesema nilifuata biashara ya siri anisamehe, biashara siijui.

Kangemi hadi mjini

Nilifika siku mbaya. Matatu zilikuwa zimegoma kwa sababu ya sheria mpya za mikanda ya usalama, na Wafula, mdogo wangu aliyenipa malazi Kangemi, akanishauri nitulie mpaka wenye magari wapatane na serikali. Wafula ni fundi wa mabomba, mtu wa kungoja. Mimi si mtu wa kungoja. Asubuhi nikavaa viatu vyangu vya kazini, vile vyenye kisigino, nikashika barabara.

Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakitembea kwenda upande mmoja bila kuimba wala kubeba jeneza. Waiyaki Way yote ilijaa. Wanaume walikuwa wametupa tai mabegani, wanawake wa ofisi wamebeba viatu mkononi, wanafunzi, mafundi, mtu na kuku wake wawili. Hakuna aliyesema sana. Ilisikika miguu tu, maelfu ya miguu kwenye lami, na nikajikuta nimesimama kando nikisikiliza mpaka mtu akanigonga kwa begi na kuniomba nichague, nitembee au nitazame.

Kabla ya kufika Westlands visigino vyangu vilikuwa vinawaka moto. Mama mmoja aliyekuwa akitembea sambamba nami aliviangalia viatu vyangu kwa huruma, akafungua mfuko wake wa plastiki, akatoa patipati za mpira za rangi ya buluu.

"Mami, hizo viatu zitakuua. Vaa hizi."

Nikamuuliza nitamrudishia wapi. Akasema nisimrudishie, nikimaliza nimpe mwingine, na kabla sijajua hata jina lake umati ukamchukua. Zishikeni akilini hizo patipati, kwa sababu ziliniletea maneno baadaye.

Mjini nilikula mayai boilo na kachumbari nimesimama, nikitazama maghorofa mpaka shingo ikaniuma. Najua nyinyi mnaosafiri sana mtanicheka. Lakini mtu anayekaa siku nzima akipima kurasa kwa macho hushangaa akiona madirisha mengi hivyo yakiwa yamepangwa sawasawa hadi mawinguni. Kisha nikaingia Biashara Street, nikipita duka moja hadi jingine nikiuliza habari za pepaweti. Duka la kwanza walinionyesha mizani. La pili walinipa kiti na soda wakidhani natafuta zawadi ya harusi. Katika la tatu, lenye vyombo vya zamani vya shaba hadi mlangoni, mwenye duka alibandua kitambaa cha kijani kwa ukucha, akamwona samaki, akatabasamu. Alisema huyo ni samaki wa Jayanti, fundi wa Parklands, na kwamba niende upesi kwa sababu alisikia mzee anahama nchi.

Mjini hadi Parklands

Nilipanda kupitia Ngara, jua likiwa utosini, nikiuliza njia kwa kila mwenye uso wa upole. Nilipotea mara moja tu, nikajikuta kwenye ua wa hekalu, ambako mhudumu wa hapo alinipa maji na kipande cha kitu kitamu cheupe ambacho hadi leo sijui jina lake lakini ningekila tena.

Bwana Jayanti anakaa ghorofa ya chini, na ilikuwa heri, kwa sababu magoti yake yamegoma kuliko zile matatu za barabarani. Nilimkuta kati ya maboksi. Mwanawe aliyeko Kanada alikuwa amemkatia tiketi, safari ni wiki ile iliyofuata, na nyumba ilikwisha kuuzwa. Nilipoweka pepaweti yangu juu ya boksi aliishika kwa mikono miwili namna mtu anavyomshika kifaranga. Halafu akaenda mwenyewe jikoni, akachemsha chai ya tangawizi, akaleta chevda, ule mchanganyiko mkavu wa Kihindi wenye njugu na pilipili, kwenye sahani, akaanza kunifundisha bila kuombwa.

Kumbe ni hivi. Plastiki huja ikiwa majimaji, mazito kama asali. Unamimina nusu ya kikombe cha bati, unangoja ishike kidogo kama uji uliopoa, ndipo unalaza sarafu juu yake. Kisha unamimina nusu ya pili. Ukiwahi, sarafu inazama. Ukichelewa, unaona mstari katikati, kazi imeharibika. Yeye alimimina. Aliyelaza sarafu alikuwa mkewe, Savita, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyembamba na mkono wake haukutetemeka. Na samaki alichorwa na Savita pia. Nilimuuliza kwa nini samaki. Akasema hata yeye alimuuliza, akajibiwa kwamba samaki ni rahisi kuchora.

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Aliniambia kwamba mwaka mmoja walipata kazi ya kampuni ya bima, ndururu tupu, sanduku zima. Siku ya mwisho unywele wa Savita ulidondoka kwenye plastiki kabla ya kumimina mara ya pili, na wasiuone mpaka umeganda. Uliingia ndani ya tundu la ndururu na kutokea upande wa pili, kama uzi kwenye sindano. Jayanti alikasirika. Alitaka kuitupa na kutengeneza nyingine, lakini meneja wa kampuni alikwisha kufika kuchukua sanduku lake, na hesabu ya zawadi haikuruhusu kupungua, kwa hiyo ikaenda na wenzake. Toka siku hiyo alimlazimisha Savita kufunga kitambaa kichwani akiwa kazini.

Savita alifariki miaka miwili kabla ya mimi kubisha mlango ule. Walimchoma kwa desturi yao, na majivu yakaenda majini.

"Sisi hapana kaburi, mama," alisema. "Picha iko. Sari iko, lakini sari naweza nunua dukani. Yeye mwenyewe hapana iko. Isipokuwa ile moja."

Nilielewa polepole. Katika dunia hii nzima, kilichobaki cha mwili wa mwanamke yule ni unywele mmoja ndani ya ndururu, na hakuna aliyejua ndururu hiyo iko wapi. Kampuni ilikwisha kufungwa. Alikumbuka tu nyumba ya meneja huko Lavington, kwa sababu alipeleka sampuli huko zamani. Aliwahi kwenda kwa teksi, askari wa getini akamrudisha. Sasa akanitazama mimi na lenzi yangu.

"Wewe mwindaji wa hii kitu. Mimi nataka kwenda na yeye."

Niliahidi. Msiniulize kwa nguvu gani. Nilimwahidi tu.

Parklands hadi Lavington

Nililala Kangemi na asubuhi nikateremka hadi Lavington kupitia James Gichuru, bado kwa miguu, bado na patipati za buluu. Kule ukuta unaandamana na ukuta, maua yananing'inia juu ya vipande vya chupa, na barabara ni kimya hadi unasikia nyumba ikipumua. Nilihesabiwa na mbwa wengi kuliko watu.

Kwenye geti nililotajiwa na Bwana Jayanti askari alichungulia kwa kidirisha. Aliangalia miguu yangu kwanza.

"Wewe ndio umetumwa na bureau?"

Nilidhani anasema ofisi, na mimi ni mtu wa ofisi ya serikali, nikasema ndiyo. Geti likafunguka. Nikapelekwa mlango wa nyuma, jikoni, ambako msichana mmoja mchangamfu aitwaye Achieng' alinikaribisha kwa ugali na sukuma wiki na nyama iliyobaki. Nikamshukuru Mungu kwa ukarimu wa Lavington ambao watu huusingizia vibaya. Achieng' aliniuliza kama najua kupika chapati laini. Nikasema zangu zinasifiwa. Akauliza kama nina shida na mbwa. Nikasema sina shida na mbwa asiye na shida na mimi. Ndipo akaniletea kikapu cha mashati na pasi, akasema Madam hupenda kuona mtu akifanya.

Hapo nilishangaa kidogo, lakini mwenyeji ni mwenyeji. Nilikuwa nimenyoosha mashati kadhaa, tena vizuri, wakati Madam Wairimu alipoingia na kuniuliza nilifanya kazi wapi mwisho. Nikamwambia, mahakama ya Webuye, tangu nimalize shule. Alitazama shati, akanitazama mimi, akatazama shati. Kumbe Achieng' alikuwa anaondoka kwenda kuolewa, na walikuwa wanamngoja msichana wa kazi kutoka bureau, yaani wakala wa wafanyakazi wa nyumbani.

Mwanamke yule aliona haya hadi akakaa chini palepale kwenye kiti cha jikoni. Mimi nilicheka mpaka machozi, na Achieng' akaniunga mkono, na kwa namna hiyo sote watatu tukanywa chai jikoni badala ya sebuleni, ambako pengine ningejikunyata. Meneja alikuwa baba yake, naye alikwisha kufariki. Nilipomsimulia habari ya unywele aliinuka, akarudi na pepaweti ya ndururu kutoka kwenye rafu ya baba yake. Niliweka lenzi. Tundu lilikuwa tupu. Safi kabisa.

Akasema ngoja. Akafumba macho akikumbuka. Alikuwa mtoto mdogo, na baba yake alikuja nyumbani akicheka kwamba fundi wa Kihindi amemtilia uzi kwenye zawadi moja, na hawezi kumpa mteja kitu chenye kasoro. Karani wake, Karanja, aliyemzoea sana na ambaye alikuwa akimbeba mtoto Wairimu mabegani, alisema kama wateja hawaitaki, yeye anaitaka. Akapewa. Karanja alikuwa mtu wa Waithaka. Alikufa, na Wairimu alikwenda kumzika, akaahidi kurudi kuwaona, na hakurudi. Alinichorea njia nyuma ya bahasha, na akataka kunipeleka kwa gari kesho yake. Nilimwambia kesho ni mbali. Hapo mnaiona tabia yangu.

Lavington hadi Waithaka

Ukitoka Lavington kwenda Kawangware, kuta zinaisha ghafla kama mtu aliyekata kauli. Barabara ile ile, na sasa kuna samaki wanakaangwa, redio tatu zinashindana, kinyozi ananyoa mtu chini ya mwavuli. Nilipita Satellite na mvua ikanikamata. Nilijibanza kwenye kibanda cha chai pamoja na fundi viatu, mhubiri na mbuzi. Mhubiri alitaka kujua kama nimeokoka, fundi akataka kujua kama patipati zangu zinauzwa. Mbuzi hakutaka kujua chochote, akala kona ya bahasha yangu ya ramani. Ile kona ndiyo ilikuwa Waithaka.

Kwa hiyo niliuliza. Nikaambiwa nyumba ya Karanja ni ile. Nikabisha, nikasema nimekuja nyumbani kwa marehemu Karanja, na mwenye kufungua akasema yeye ndiye Karanja, na nani amesema amekufa. Ilinibidi kutoa maneno mengi ya pole. Hatimaye yeye mwenyewe, akiwa bado amenuna, alinisindikiza hadi kwa marehemu wa kweli, nyumba ya mawe yenye vyumba vya mabati vya kupangisha mbele yake na shamba jembamba la mahindi na majani ya ng'ombe nyuma.

Mjane wake anaitwa Mama Njoki, mwanamke mrefu mwenye leso iliyofungwa kwa ukali. Alisimama katikati ya mlango.

"Kama ni shamba, hatuuzi."

Nikamwambia sitaki shamba. Akasema wote husema hivyo kwanza. Nilimwonyesha pepaweti yangu. Uso wake ulibadilika, akaniambia niingie, na kabla ya neno jingine akaniwekea githeri moto, mahindi kwa maharagwe, yenye viazi na parachichi pembeni. Nilikula nikimweleza kwamba natafuta mwenzake na hiyo, iliyokuwa ya mumewe. Alisema anaijua sana. Karanja alikuwa akiiweka juu ya Biblia kitandani ili ukurasa usijifunge. Alipenda kusema ni kitu ambacho wakubwa walikikataa kikaja kwake. Nikauliza kama naweza kuiona. Akanawa mikono, akachukua ufagio, akanipeleka nyuma ya nyumba.

Kaburi lilikuwa mwisho wa mahindi, limepigwa saruji vizuri, limefagiliwa. Na kichwani pa kaburi, juu ya jina la Karanja, ndani ya saruji yenyewe, ilikuwa pepaweti. Mama Njoki alimwambia mwashi aikandamize pale saruji ikiwa bado mbichi, siku ya tatu baada ya mazishi.

Nilipiga magoti. Jua la miaka lilikuwa limeigeuza rangi ikawa ya chai ya rangi, na ufagio ulikuwa umeikwaruza hadi huoni ndani. Nilitoa mafuta yangu ya kupaka, nikaipaka kidogo kwa kidole. Hiyo ni mbinu ya sisi wakusanyaji, mafuta hujaza mikwaruzo na kwa muda mfupi unaona kama dirishani. Nikaweka lenzi.

Ndururu ilikuwa hapo. Na kutoka chini ya tundu lake, ukipanda taratibu, ukipita katikati bila kugusa kingo, ukijikunja kidogo juu kama mtu anayegeuka kuangalia nyuma, unywele. Mweusi kabisa. Savita alikuwa bado kijana alipoudondosha. Nimeona sarafu nyingi maishani na nimejidai kuzijua, lakini kama hii sikuwahi kuona. Mwanamke alizeeka, akafa, akawa majivu, na unywele wake bado ulikuwa na umri ule ule.

Kisha nilisema jambo ambalo najuta kulisema upesi hivyo, kwamba kuna mzee anaihitaji, na je, inaweza kutolewa. Mama Njoki alifagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa. Kisha akasema kwamba kwao kaburi halibomolewi, na kwamba githeri yangu inapoa.

Nikamweleza yote. Nilimpa lenzi, akainama, akaangalia kwa muda mrefu sana. Nilidhani amekasirika. Mabega yake yalianza kutikisika, na ndipo nikajua anacheka.

"Yaani huyu mzee amelala hapa miaka yote na bibi ya mtu kwa kichwa? Na mimi ndio nafagia?"

Alicheka hadi akashika kiuno. Kisha kicheko kikaisha polepole, akauliza huyo bibi amezikwa wapi. Nikasema hakuzikwa, majivu yalitiwa majini. Aliutegemea ufagio wake.

"Sasa mzee wake akitaka kumsalimia, anaenda wapi?"

Wingu lilikuwa limetanda tena na mahindi yalikuwa yanatoa sauti. Mama Njoki alifuta mafuta kwenye pepaweti kwa upindo wa leso yake, akasema nimlete Jumamosi.

Waithaka tena

Safari ya mwisho niliifanya nimeketi, kwa gari la Madam Wairimu, na nakiri miguu yangu ilishukuru. Bwana Jayanti alikaa mbele amevaa koti na tai, na mapajani alikuwa na mfuko wa maua ya njano kutoka hekaluni na chupa ndogo ya maji. Tulipofika Kawangware aliuliza kama mama mwenye nyumba anakasirika. Nikamwambia hapana. Sikumwambia zaidi kwa sababu sikujua zaidi.

Mama Njoki alikuwa amepika mukimo wa viazi na mahindi, na kuku. Wairimu alipoteremka walitazamana, na Wairimu akaanza kuomba msamaha wa miaka yote, lakini Mama Njoki alimkata kwa kumwambia amenenepa vizuri, akamkumbatia. Halafu akampa mzee mkono kwa heshima, na bila kutuketisha akatupeleka nyuma.

Pembeni ya kaburi alikuwapo mwashi na nyundo na patasi na ndoo.

Huyu alikuwa ndiye mwashi yule yule aliyeikandamiza pepaweti pale. Mama Njoki alisimama wima, akasema alikuwa amewaza usiku wote na kumwuliza Mungu, na kwamba mume wake aliipenda hiyo kitu, lakini mume wake alikuwa mtu wa kutoa. Kwa hiyo ikatwe polepole, mzee aende na mke wake. Alisema kwa sauti ya kawaida, ila mkono wake ulikuwa umeshika leso kifuani.

Bwana Jayanti alivua viatu. Udongo ulikuwa umelowa mvua ya usiku, nikavua patipati zangu za buluu nikaziweka mbele ya miguu yake, akazivaa. Nilimshika mkono, Wairimu akamshika mwingine, tukamsaidia kupiga magoti kidogo kidogo kwa ajili ya yale magoti yake. Nikapaka mafuta. Nikampa lenzi.

Siwezi kuandika uso wake. Nimejaribu mara mbili na kufuta. Aliangalia mpaka mwashi akaweka nyundo chini bila kuambiwa. Kisha akasema maneno kwa lugha yake, ya upole, ya nyumbani, kama mtu anayemwambia mwenziwe kwamba amechelewa kidogo kazini. Alimimina maji kidogo, akapanga maua kuizunguka ile pepaweti. Halafu akatazama kaburi lote, hadi mwisho, akasoma jina la Karanja kwa kidole, akatazama mahindi, na ng'ombe wa jirani, na nguo za wapangaji kwenye kamba.

"Hapana kata," alisema.

Mama Njoki alimwambia asione haya, yeye ameshakubali.

"Hapana, mama. Huko kwa mtoto yangu ni ghorofa ya juu, theluji tu. Mimi nitaweka yeye kwa dirisha? Hapa iko mahali. Iko mtu ya kufagia. Wacha yeye akae."

Wairimu alikuwa analia waziwazi. Mimi pia, na sioni sababu ya kuficha. Mama Njoki alipangusa pua kwa leso, akauliza bibi huyo aliitwa nani. Savita, alisema mzee. Akamtaka alitamke tena, akalitamka naye polepole mpaka likamkaa mdomoni.

Kisha akamgeukia mwashi, akamwambia kwamba hawezi kuja hadi hapa na kurudi bure, achanganye saruji kidogo. Wairimu akauliza kwa wasiwasi wazee wa kanisa watasema nini. Mama Njoki akasema wakiuliza atawaambia ni mgeni wa Karanja, na Karanja hakuwahi kumfukuza mgeni.

Mwashi alisawazisha saruji mbichi chini ya pepaweti, mahali padogo kiasi cha kiganja. Akampa Bwana Jayanti msumari. Mzee aliandika jina la mkewe kwa herufi kubwa, taratibu, nasi tukiwa tumemshikilia kwa mabega. Alipomaliza alifikiri kidogo, akaongeza chini yake samaki mdogo.

Tulikula mukimo. Bwana Jayanti aliondoka na patipati, nilikataa kuzipokea.

Kwa hiyo mnaouliza kama niliipata, jibu ni ndiyo, na iko Waithaka. Rafu yangu ina nafasi moja wazi na sitaki mtu aweke kitu hapo. Jana Mama Njoki alinipigia kutoka kibanda cha simu, akaniuliza binti yangu Nekesa anaendeleaje shuleni na kama mvua imefika kwetu. Nilimuuliza hali ya huko.

"Tuko salama," alisema. "Nimewafagilia asubuhi, wote wawili."